Profesa Larionov, barua yake, na lile goli la saa saba usiku

Usiku wa tarehe 8 Juni 2002 nilikuwa zamu kwenye nyumba ya kutunzia wazee huko Michigan, nje kidogo ya Detroit, mwaka wangu wa kwanza Marekani, na mzee mmoja niliyekuwa namhudumia alikataa katakata kwenda kulala. Alikuwa na miaka themanini na kitu, maisha yake yote kafanya kazi kiwanda cha magari, miguu haimbebi tena, na kila nikimwambia mzee muda umeenda twende kitandani, ananyoosha kidole kwenye tivii ananiambia kaa chini kijana, mwangalie yule mwenye namba 8, angalia anavyosubiri.

Sikuelewa anasubiri nini. Mimi nimekulia Dar, barafu niliyoizoea ni ile wanayopangia samaki pale Feri, na kwenye ile tivii, mchezo wenyewe hoki ya barafu, nilikuwa naona wanaume wenye viatu vya kuteleza wanakimbizana kwa kasi ya ajabu na kisahani cheusi ambacho jicho langu lilikuwa halijajifunza kukifuata. Lakini kweli, ukimtazama namba 8 peke yake unaona kitu kingine kabisa. Wenzake wote wanakimbia, yeye anateleza taratibu, kichwa juu, kisahani kiko kwenye fimbo yake na wala hakitazami, mtu anamjia kwa nguvu zote na yeye bado kakishika tu, mpaka ile sekunde ya mwisho ndo anakiachia, na kinafika pale ambapo mwenzake ndo kwanza anafika. Aliyezoea mpira wa miguu atamwelewa haraka, huyu ni namba kumi wa zamani, mchezeshaji, yule ambaye timu nzima inapumua kupitia kwake.

Jina lake Igor Larionov. Usiku ule alikuwa na miaka 41. Wanamwita Profesa, kwanza kwa sababu ya miwani yake na kupenda chess na vitabu, afu pia kwa namna anavyocheza. Na mzee wangu, kati ya kipindi na kipindi, akanisimulia kwamba huyo jamaa aliwahi kumwandikia barua kocha wake mbele ya nchi nzima, na nchi yenyewe ilikuwa Urusi ya Kisovieti. Hiyo barua ndo ilinishika. Nimekaa nayo miaka mingi, nimesoma kila nilichopata kuhusu huyu mtu, na leo nataka niiandike kwa Kiswahili kwa sababu sijawahi kuiona imeandikwa.

Larionov alizaliwa tarehe 3 Desemba 1960 Voskresensk, mji wa viwanda vya kemikali kusini mashariki mwa Moscow, kama kilomita tisini hivi. Timu ya mji inaitwa Khimik, yaani mkemia, jina limetoka kiwandani hukohuko. Mji mdogo ule umetoa wachezaji wakubwa mpaka unashangaa, Valeri Kamensky katokea pale, Vyacheslav Kozlov katokea pale (huyu Kozlov mkumbuke, atarudi). Nyumbani kwao Larionov kulikuwa na kidonda ambacho familia nyingi za Kirusi wanakijua, babu yake alikaa miaka mingi kwenye kambi za kazi ngumu za enzi za Stalin kwa sababu ya maneno tu. Mtoto anayekua na babu wa namna hiyo anajua mapema neno linaweza kumgharimu mtu nini. Ukishalijua hilo, ile barua inakuwa nzito zaidi.

Mwaka 1981 akahamia CSKA Moscow, timu ya jeshi. Hapa lazima nieleze kidogo maana bila hili huwezi kuelewa chochote. Kisovieti kila kijana alikuwa na wajibu wa jeshi, kwahiyo timu ya jeshi ikimtaka mchezaji yeyote wa nchi nzima inamwita tu kama askari, basi, habari ya mkataba haipo. Wale wachezaji kwenye karatasi walikuwa maofisa wa jeshi wanaocheza hoki, ndo maana waliruhusiwa Olimpiki kama watu wasiolipwa, wakati kiukweli walikuwa wanafanya kazi hiyo moja tu mwaka mzima. Kocha wa CSKA alikuwa Viktor Tikhonov, na huyohuyo Tikhonov ndo kocha wa timu ya taifa. Ukigombana naye umepoteza vyote viwili, na bado ni mkubwa wako jeshini.

Kambi yao ilikuwa Arkhangelskoye, nje ya Moscow, na waliishi humo karibu miezi kumi na moja kwa mwaka. Watu wana wake, wana watoto wachanga, na nyumba zao ziko mwendo mfupi tu kutoka pale, lakini kulala ni kambini. Ruhusa ya kwenda nyumbani unaomba kama mtoto wa bweni. Mimi niliyemwacha mke Dar kwa miaka miwili nikitafuta maisha, naisoma hiyo sehemu na nafunga kitabu kidogo.

Na ndani ya jela ile wakacheza hoki ambayo wengi wanasema haijawahi kuchezwa vile kabla wala baada. Tikhonov alimweka Larionov katikati, kushoto Vladimir Krutov, kulia Sergei Makarov, nyuma mabeki Vyacheslav Fetisov na Alexei Kasatonov. Watatu wa mbele wakaitwa KLM, herufi za majina yao. Wacanada kipindi hicho walikuwa na mtindo wa kukipiga kisahani kule mwisho wa uwanja afu wanakifukuzia na kugongana, wale watano wao walikuwa hawakipigi ovyo, kama njia imefungwa wanarudi nyuma nacho, wanazunguka, wanabadilishana nafasi, winga yuko kati, beki yuko mbele, na kisahani hakikai kwa mtu mmoja. Fainali ya Kombe la Canada 1981, palepale Montreal, Sovieti iliwafunga wenyeji 8-1. Dhahabu ya Olimpiki Sarajevo 1984, dhahabu tena Calgary 1988, ubingwa wa dunia 1982, 1983, 1986, 1989. Kwenye ligi ya nyumbani CSKA walichukua ubingwa kila mwaka aliokuwepo Larionov, kila mwaka jamani, bila kukosa.

Mtu akishinda hivyo unategemea anyamaze. Ana medali, anajulikana, ana nafasi ambayo mamilioni wa nchi yake wangeililia. Yeye Oktoba 1988, akiwa ndo mchezaji bora wa Sovieti wa mwaka ule, akachapisha barua ya wazi kwa Tikhonov kwenye jarida la Ogonyok, ambalo kipindi cha sera ya uwazi ya Gorbachev lilikuwa linasomwa na watu wengi mno.

Barua ilikuwa ndefu na ya utulivu. Alieleza maisha ya kambini, familia zinavyovunjika, kocha anavyowatawala watu wazima kwa vitisho, wachezaji wanavyofanywa vipuri vya mashine. Na aliyataja kwa jina lake mwenyewe, hakujificha nyuma ya mtu. Hebu fikiria, huyu ni ofisa wa jeshi anamshambulia mkubwa wake jaridani, na nyuma yake kuna kivuli cha babu. Mwaka mmoja tu nyuma barua kama ile isingechapwa, na mwaka mmoja mbele kila mtu alikuwa anaandika zake. Yeye aliiachia palepale ilipotakiwa. Ndo maana nasema Larionov wa kwenye barafu na Larionov wa kwenye jarida ni mtu mmoja.

Niwe mkweli kuhusu Tikhonov pia. Alikuwa kocha mkubwa, hakuna ubishi, kazi yake iliundwa na nchi iliyotaka ushindi tu na yeye akaipa ushindi. Lakini nikisoma watetezi wake wanasema bila ukali ule wale vijana wasingekuwa mabingwa, mimi sikubali, kwa sababu wale walewale walikuja kushinda tena wakiwa huru na wakiwa wazee. Nitafika huko.

Baada ya barua vita ikawa ya wazi. Fetisov, nahodha, naye alikuwa anadai aruhusiwe kwenda kucheza Marekani, akaahidiwa, akageukwa, akatolewa kikosini. Masika ya 1989 wenzake wakaenda kwenye televisheni, Larionov, Makarov, Krutov, wakasema Fetisov asiporudi na sisi hatuendi kwenye ubingwa wa dunia. Kwenye televisheni ya Sovieti! Fetisov akarudi, wakaenda Stockholm, wakachukua dhahabu. Ilipoisha tu, kijana mwenzao Alexander Mogilny akatoroka kutoka hukohuko Stockholm kwenda Marekani, hiyo habari peke yake inataka makala nzima.

Kiangazi kile mlango ukafunguka. Fetisov akaenda New Jersey, Makarov akaenda Calgary, Krutov na Larionov wakaenda Vancouver, ambao walikuwa wameshamchagua Larionov tangu 1985 pale timu za NHL (ligi kuu ya hoki ya Marekani na Canada) zinapogawana haki za wachezaji wapya, mtu wa 214 kwenye orodha, yaani walikuwa wanabahatisha tu, nani angefikiri Wasovieti watamtoa. Kwahiyo kwenye vitabu vya NHL maisha yake ya kulipwa yanaanza hapo, ana miaka 28, anakaribia 29. Ile miaka minane ya CSKA, miaka ambayo mchezaji ana mapafu na magoti, haimo kwenye hesabu ile.

Na hata malipo yenyewe hayakuwa huru. Kulikuwa na shirika la serikali, Sovintersport, lililokuwa linasimamia kuuza wachezaji nje, na fungu kubwa la pesa za mkataba linakwenda kwao. Krutov ilimshinda, chakula kipya, uhuru mpya, mwili ukamkataa, akacheza msimu mmoja tu. Larionov akakaa miaka mitatu. Msimu wa tatu akaja kijana Pavel Bure, roketi yenyewe, na Larionov ndo akawa anamlisha pasi na kumfundisha maisha, Bure akachukua tuzo ya mchezaji mpya bora wa ligi 1992. Mkataba ukaisha. Larionov angeweza kubaki, lakini kubaki kulikuwa na maana Sovintersport wanapokea tena. Akasema hapana. Akaenda kucheza Lugano, Uswisi, mwaka mzima, ligi ndogo kuliko hadhi yake, ili lile shirika lisipate hata senti nyingine kwa jina lake. Watu wanaisahau hii kwa sababu haina goli wala kombe ndani yake, mimi naiweka karibu kabisa na ile barua.

Akarudi NHL 1993, San Jose, timu changa ambayo msimu uliopita ilikuwa imeshika mkia wa kundi lake na pointi 24. Wakamuunganisha tena na Makarov. Wawili wale wenye miaka zaidi ya thelathini wakaanza kucheza hoki ya Arkhangelskoye kule California, na San Jose ikapata pointi 82. Ikaingia kwa mlango wa nyuma, namba nane ya kanda yake, ikakutana na namba moja, Detroit, na ikawatoa kwa mechi saba (mnacheza mpaka mmoja afikishe ushindi nne), ya mwisho wakashinda 3-2 Detroit kwenyewe. Golikipa wa San Jose alikuwa Mlatvia, Arturs Irbe, ambaye naye alidakia timu ya taifa ya Sovieti mwishoni mwishoni. Naye mkumbuke.

Mzee wangu mechi hiyo alikuwa anaikumbuka kama msiba. Akaniambia ndo siku alipoanza kumchukia Larionov, na mwaka na nusu baadaye, Oktoba 1995, Detroit wakamchukua na ikabidi ampende.

Kocha Detroit alikuwa Scotty Bowman, na Bowman alishakuwa na Warusi wanne: Sergei Fedorov, yule Kozlov wa Voskresensk, beki Vladimir Konstantinov, na Fetisov aliyekuja kutoka New Jersey. Larionov akawa wa tano. Tarehe 27 Oktoba kule Calgary akawaweka wote watano uwanjani kwa pamoja, jambo ambalo hakuna kocha wa NHL aliyewahi kulifanya. Detroit walishinda 3-0 na Calgary mechi nzima walipiga mashuti manane tu. Manane! Wenzao walikuwa hawaoni kisahani. Enzi hizo kulikuwa na makocha na watangazaji wakubwa wa Canada wanasema Warusi ni walaini, hawana moyo wa kucheza mechi za kombe, na watu wa Detroit, mji wa vyuma na jasho, wakawa wanasimama kuwapigia makofi Warusi watano kwa pasi. Msimu ule walishinda mechi 62, rekodi ya wakati huo, lakini Colorado wakawatoa.

Ushindani wa Detroit na Colorado ulikuwa wa damu. Mwaka 1997, Machi 26, ukalipuka ugomvi uwanjani ambao mpaka leo Detroit wanausimulia kwa watoto, makipa wanapigana katikati ya uwanja, na ukitazama vizuri unaona cheche ya kwanza ilikuwa Larionov amekamatana na Peter Forsberg. Profesa! Kilo sabini na kitu, mtu wa chess. Mzee wangu alipofika hapo alicheka mpaka nikamletea maji.

Juni 7, 1997 Detroit wakachukua Kombe la Stanley, ndo ubingwa wa NHL, la kwanza kwao tangu 1955, miaka 42. Desturi ni nahodha analipokea afu anampa mwenzake alizunguke nalo uwanja. Nahodha Steve Yzerman akampa Fetisov, miaka 39. Fetisov hakuondoka peke yake, akamwita Larionov, wakalishika wote wawili, mmoja huku mmoja kule, wakateleza nalo. Nimeitazama hiyo picha mara nyingi kuliko picha za harusi za ndugu zangu. Wale wawili walianzia kambi moja, wakapigana vita moja na kocha mmoja, mmoja kwa kalamu mwingine kwa ubishi wa ana kwa ana, na sasa wako pale, hakuna aliyewalaza kambini miezi kumi na moja.

Siku sita baadaye, Juni 13, gari la kukodi lililowabeba Fetisov, Konstantinov na mchua misuli wa timu Sergei Mnatsakanov likatoka barabarani likagonga mti. Fetisov alipona. Mnatsakanov na Konstantinov waliumia vichwa vibaya na hawakurudi kuwa walivyokuwa, Konstantinov hakucheza tena. Sina maneno mengi hapa. Agosti, Larionov, Fetisov na Kozlov walilipeleka Kombe Moscow, mara ya kwanza kufika Urusi, na likafika mpaka Voskresensk, mji wa mkemia. Mwaka uliofuata Detroit wakalichukua tena, Washington, na wachezaji wakamwekea Kombe mapajani Konstantinov akiwa kwenye kiti cha magurudumu na kumzungusha uwanja mzima.

Florida alipita kidogo 2000, haikuwa nzuri, Detroit wakamrudisha ndani ya msimu uleule. Februari 2002 akiwa na miaka 41 akaichezea Urusi Olimpiki ya Salt Lake City wakapata shaba, na kocha wao alikuwa Fetisov.

Sasa tufike kwenye usiku ule.

Ilikuwa mechi ya tatu ya fainali, Raleigh, nyumbani kwa Carolina, kila timu imeshinda moja. Golikipa wa Carolina ni nani? Arturs Irbe. Carolina wakatangulia, Larionov akasawazisha. Carolina wakaongeza, 2-1, na imebaki dakika moja na sekunde kumi na nne Brett Hull wa Detroit akakigusa kisahani kikiwa hewani kikazama, 2-2. Hapo fainali haina penati, mnaongezewa dakika ishirini, mkishindwa ishirini nyingine, hivyohivyo hata kukuche. Ya kwanza ikapita. Ya pili ikapita. Saa sita ya usiku ikapita. Mzee alikuwa ameshaanza kusinzia kwenye kiti, kichwa kinaanguka, anashtuka, ananiuliza bado? Namwambia bado. Kwenye nyongeza ya tatu akalala kabisa, nikamfunika blanketi mpaka kifuani, nikapunguza sauti. Zamu yangu ilikuwa mpaka asubuhi na wengine wote walishalala, nikavuta kiti nikakaa karibu naye, nikaangalia peke yangu mchezo ambao saa tano kabla yake sikuwa naujua.

Ilikuwa saa saba na robo hivi ya usiku, dakika ya 14 na sekunde 47 ya nyongeza ya tatu. Kisahani kikamfikia Larionov karibu na goli. Kila mtu uwanjani alikuwa amechoka mpaka miguu haifuati akili, na mtu aliyechoka akiona goli anapiga tu. Mchezaji wa Carolina naye alijua hivyo, akajirusha chini ateleze kuziba shuti. Larionov hakupiga. Akakivuta kisahani pembeni, akamwacha yule mtu apite mbele yake akiwa amelala, na Irbe naye alikuwa ameshashuka chini, ndo akakinyanyua kwa upande wa nyuma wa fimbo, juu, kikagusa wavu. Mpaka usiku ule hakuna mwenye umri mkubwa kama wake aliyewahi kufunga kwenye fainali ya Kombe la Stanley. Detroit walimaliza fainali kwa mechi mbili zilizofuata, likawa Kombe lake la tatu.

Alicheza msimu mmoja zaidi Detroit, mmoja New Jersey, akastaafu 2004. Mechi 921 za NHL, magoli 169, pasi za magoli 475. Angalia hizo namba mbili za mwisho. 2008 wakamwingiza kwenye Ukumbi wa Heshima wa hoki kule Toronto. Baadaye naye akawa kocha, Torpedo ya Nizhny Novgorod, afu 2025 SKA ya Saint Petersburg.

Lakini mimi nimebaki pale kwenye kile kiti. Lile goli lilipoingia sikupiga kelele, nilimshika mzee mkono. Akafungua macho, akaangalia tivii, wachezaji wenye jezi nyekundu wamerundikana kwenye kona.

Akaniuliza, nani?

Nikamwambia namba 8.

Akanyamaza kidogo, afu akaniuliza, alisubiri?

Nikamwambia mzee alisubiri, alisubiri mpaka mtu wa kwanza akapita na golikipa akalala.

Akasema haya, sasa nipeleke kitandani.